Kijani Kilichotudanganya

Najua wapo watakaouliza: mambo ya waifai yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili? Subirini kidogo. Muhula uliopita Kidato cha Pili walinyimwa mtandao kwa sababu ya ramani moja tu iliyosomwa vibaya, na mimi ni mmoja wa walioichora.

Darasa lao liko nyuma ya ghala. Kila wakijaribu kufungua masomo kwenye tarakilishi, kiduara kinazunguka tu. Wakaomba waongezewe ruta moja. Basi mwalimu wa kompyuta akatuchukua sisi wawili tukapime. Tuliweka mchoro wa majengo ya shule kwenye programu ya kupimia, tukaanza kutembea na laptopu. Kila tukisimama, tunabonyeza kwenye mchoro mahali tulipo, nayo programu inaandika kila wimbi inalolisikia: jina la mtandao, ruta iliyolitoa, masafa na nguvu zake.

Nguvu hizo hupimwa kwa desibeli, na tarakimu zake ziko chini ya sifuri. Ukipata -50, mawimbi ni mazuri mno. -67 yatosha kutazama video bila kukatika-katika. -80, hapo ni kuomba Mungu. Wala msidhani tofauti ni ndogo: kutoka -60 hadi -80 nguvu zimepungua mara 100.

Tulipomaliza, programu ikapaka rangi. Shule nzima kijani! Bwalo kijani, jikoni kijani, hata nyuma ya ghala kijani. Ombi likakataliwa papo hapo, na wenzetu wakaambiwa eti ni wavivu wa kusoma.

Kumbe! Simu ya mwalimu (sisi haturuhusiwi simu, mnajua) ilikuwa mfukoni ikigawa mtandao muda wote. Ilisikika vizuri kila mahali kwa kuwa ilitembea nasi! Programu haikukosea. Ilionyesha wimbi lenye nguvu kuliko yote katika kila hatua, kwa sababu hatukuichagulia jingine. Tulipofungua orodha ya pembeni tukaiondoa ile simu na kubakiza ruta za shule peke yake, kijani kikatoweka. Kidato cha Pili: -84, jekundu tupu. Tukachagua masafa ya gigahezi 5 pekee, hali ikazidi kuharibika, maana hayo hushindwa na kuta upesi kuliko yale ya 2.4.

Wale wa kutoka Isebania, kule Migori mpakani, watanielewa haraka. Ukisimama sokoni simu inaonyesha mawimbi yamejaa, kumbe ni mnara wa Sirari, Tanzania, na salio linakwisha hivi hivi. Akipita mtu kupima barabara ile bila kuchuja, ramani yake itasema pana mtandao wa kutosha. Dawa ipo: kila mnara hutangaza nambari ya nchi yake, Kenya 639, Tanzania 640. Chagua 639 peke yake ndipo utaona mwananchi wa Kenya ana nini hasa.

Nanyi wa Homa Bay mna tatizo lenu, milima. Programu hupaka rangi hata mahali ambapo hukukanyaga. Hukisia kutokana na vipimo vya jirani. Pima barabarani tu chini ya milima ya Gwassi, uiruhusu ikisie mbali, nayo itavipaka kijani vijiji vya upande wa pili ambako mlima umeziba kila kitu. Afadhali upunguze umbali wa kukisia, ramani ibaki na mapengo meupe. Mapengo hayo yanamwambia mtazamaji kwamba hapo hakuna aliyefika. Tena mpaka wa rangi huwekwa na mtu. Ukiamua kwamba kijani kianzie -85, hakuna kijiji kitakachokosa kijani.

Ramani ya pili tuliipeleka kwa mwalimu mkuu, simu zote zikiwa zimezimwa. Aliitazama kitambo, akauliza hilo jekundu ni darasa gani. Tukamwambia. Wiki iliyofuata fundi alikuwa juu ya ngazi, akitoboa ukuta karibu na mlango wa ghala.