Piloti otomatiki kwenye mashua ya tanga: mfanyakazi mwenye nguvu, lakini hana macho

Tupige kwanza hesabu moja. Bwana na bibi yake wanatoka visiwa vya Canary na mashua ya tanga ya mita 11, wanaenda Caribbean. Njia ni maili za bahari karibu 2,700, na mashua ya kiasi hicho inatumia wiki tatu hivi. Katikati ya Atlantiki hakuna mahali pa kuegesha. Usiku na mchana usukani unataka mtu. Wako wawili, kwa hiyo kila mmoja saa 12 kwa siku, na vile kila siku mpaka mwisho. Nani atapika? Nani atashona tanga likipasuka? Na usingizi je?

Juu ya hiyo njo wanafunga piloti otomatiki. Kwao haiko kitu cha kujionyesha, ni mtu wa tatu ndani ya mashua. Na kama vile mtu yeyote wa kazi, ukimchagua vibaya ama ukimpa mahali pabaya pa kufanyia kazi, atakuacha siku ya dhoruba, ile siku yenyewe unamuhitaji.

Inafanya kazi namna gani? Kuko vipande vinne. Cha kwanza ni dira ya umeme, inayosema mashua inaangalia wapi. Cha pili ni kompyuta ndogo, inayolinganisha njia uliyoomba na njia mashua inayofuata. Cha tatu ni mkono wa moteri, unaosukuma usukani. Cha ine ni kipimo kilichofungwa kwenye usukani, kinachorudisha habari: umegeuka kiasi gani. Wale waliosoma polytechnique wamekwisha kuelewa: ni mzunguko wa habari unaojirudisha wenyewe.

Na hapa kuko historia nzuri. Mwaka 1922, Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, alitoa maandishi juu ya kuongoza meli bila mkono wa mtu. Aliangalia vile washika usukani wazuri wanafanya. Akaona kama hawaangalii tu mashua imepotea kiasi gani. Wanasikia pia inageuka kwa mbio gani, na wanakumbuka upande gani imekuwa ikivutwa tangu mbele. Akaandika akili hiyo kwa hesabu. Leo hesabu hiyo iko ndani ya viwanda pote duniani, na piloti ya mashua bado inaitumia.

Sasa, kuchagua. Watu mingi wanauliza: “Mashua yangu ni mita 11, ninunue gani?” Swali hilo halitoshi. Kinachochosha mkono wa moteri ni uzito, kuliko urefu. Na uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya kiwanda kawaida ni wa mashua tupu. Weka ndani maji, mafuta, chakula cha miezi, mnyororo wa nanga na vyombo vya fundi: ongeza karibu asilimia 20. Mashua ya tani 8 inakuwa karibu tani 10. Basi chukua piloti ambayo mwisho wake uko juu ya hizo tani 10. Ile inayotosha “kabisa kabisa” itatosha siku ya maji matulivu tu.

Kisha angalia aina ya mkono. Kama mashua ndogo inaongozwa na kana, yaani ule mti unaoshika usukani, kuko piloti ya fimbo inayofungwa juu yake. Ni rahisi kuifunga, lakini inakaa inje, inapigwa na maji ya chumvi. Kama kuko gurudumu, kuko moteri ndogo ya kufunga kwenye gurudumu lenyewe. Inafaa safari za karibu na pwani. Kwa safari ndefu wengi wanachagua mkono wa chini ya sitaha, unaosukuma moja kwa moja mhimili wa usukani. Faida yake ni kubwa: kama waya za gurudumu zikikatika katikati ya bahari, piloti bado inaweza kuongoza mashua.

Halafu kuko kura, yaani umeme. Hapa ndugu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wenye paneli za jua nyumbani wataelewa mbio. Tuseme piloti inakula ampere 4 kwa wastani. Kwa saa 24 inakuwa ampere-saa 96. Betri ya asidi ya ampere-saa 200 haipendi ushuke chini ya nusu, kwa hiyo unatumia kama 100. Piloti peke yake imemaliza siku, na bado taa, redio na friji. Mtu anayenunua piloti bila kuhesabu paneli na betri amenunua nusu ya piloti.

Tuje kwenye kufunga. Jambo la kwanza ni mahali mkono unapokaa. Unasukuma kwa nguvu ya mamia ya kilo, mara elfu na elfu. Ukiufunga kwenye ubao mwembamba, ubao utaanza kucheza, kisha utapasuka. Ufunge kwenye kiunzi cha mashua chenyewe, ama ongeza tabaka za fiberi na ubao mnene, na upitishe bolti mpaka upande wa pili. Skurubu peke yake haitoshi. Usukani ukiwa katikati, mkono wa moteri na kile kijiti unachosukuma vifanye pembe ya nyuzi 90. Na vizuizi vya usukani visimamishe mwendo mbele mkono wenyewe haujafika mwisho wake. Kama sivyo, wimbi moja kubwa litavunja mkono.

Jambo la pili ni dira. Iweke chini, karibu na katikati ya mashua, pahali kunayumba kidogo, na mbali na moteri, spika na waya kubwa za umeme. Mita moja ni kiasi kizuri cha kuanzia. Hata chuma kidogo kinaweza kuidanganya. Mtu akipanga makopo ya chakula kwenye kabati la jirani, mashua inaweza kubadilisha njia bila mtu kujua juu ya nini.

Jambo la tatu ni waya. Piloti iwe na fyuzi yake mwenyewe, na waya nene. Umeme usipotee zaidi ya asilimia 3 njiani, yaani volti 0.36 kwenye volti 12. Waya mwembamba unafanya moteri kuwa dhaifu na kompyuta kuzimika usukani ukiwa mzito.

Ukimaliza, usiondoke mara moja. Ukiwa bado umefunga mashua, bonyeza kuume: usukani uende kuume. Kisha tafuta maji matulivu, tembea polepole kwa moteri, uzunguke mizunguko mipana ili dira ijifunze makosa yake. Mwisho, rekebisha ukali wa mwitiko. Ukiwa chini sana, mashua inatembea kama mlevi. Ukiwa juu sana, mkono haupumziki na betri inakwisha. Na mbele ya kulaumu piloti, punguza tanga. Kama mikono yako miwili inashindwa kushika usukani, juu mashua iko na tanga mingi kupita kiasi, moteri pia itateseka.

Safari ndefu inataka pia njia ya pili. Mwaka 1960, kwenye mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yako, Francis Chichester alishinda kwa siku 40, na Blondie Hasler akafika wa pili kwa siku 48. Mashua zao ziliongozwa na kipepeo cha upepo, bila umeme hata kidogo. Mpaka leo wasafiri mingi wanabeba vyote viwili: kipepeo wakati wa upepo, piloti ya umeme wakati wa moteri ama upepo mdogo.

Lakini neno kubwa ni hili: piloti haina macho. Haioni meli inayokuja, haioni mwamba, haioni wavu wa mvuvi. Sheria ya 5 ya kuzuia kugongana baharini inataka mtu aangalie na kusikiliza wakati wote, na piloti haikutoi kwenye sheria hiyo. Ukiiambia ifuate upepo, upepo ukigeuka usiku itageuka nao, hata kama mbele kuko nchi kavu. Ukiiambia ifuate dira, upepo ukigeuka tanga linaweza kuruka upande wa pili na boriti yake kumpiga mtu kichwani.

Mbaya kuliko yote: ukianguka majini, haitajua. Mashua ya mafundo 6 inaenda mita 185 kwa dakika moja. Mwenzako analala chini, piloti inaendelea kwa utii mpaka inapotea machoni. Kwa hiyo fundi akimaliza kazi yake, kitu cha mwisho cha kufunga ni kamba ya usalama, kati ya kifua chako na mashua.