Imamu Asiyerithi Kiti: Dola ya Dini ya Oman na Athari Zake Huku Pwani

Neno imamu, kwa wengi wetu hapa Pwani, ni mtu asimamaye mbele ya safu msikitini. Akirukuu tunarukuu, akisujudu tunasujudu. Wachache hukumbuka kwamba wale waliowatoa Wareno katika ngome ya Mombasa mwezi wa Disemba 1698, baada ya kuizingira kwa miezi thelathini na mitatu, hawakutumwa na mfalme wala sultani. Walitumwa na imamu. Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi alitawala Oman kwa cheo kile kile cha mtu anayesalisha, na katika itikadi ya watu wake mambo hayo mawili hayakutengana: asiyefaa kuongoza sala hafai kuongoza dola.

Utawala wa namna hii ndio ambao wataalamu wa siasa huuita tiokrasia, yaani dola inayosimama juu ya amri ya Mungu. Neno hilo lilibuniwa na Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, alipokuwa akiwaeleza Wayunani ni serikali gani Nabii Musa aliwaachia Wana wa Israili. Tangu hapo limetumiwa kwa mambo mengi yasiyofanana. Mapapa wa Roma walikuwa na nchi yao, wakitoza kodi na kuweka askari, mpaka majeshi ya Italia yalipoingia Roma mwaka 1870. Iran nayo, tangu mapinduzi ya 1979, imempa mwanachuoni wa fikihi kauli ya mwisho katika serikali. Kila mmoja alijibu kwa njia yake swali lile lile gumu: kama hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, nani katika waja wake atakayeishika, na akiipotoa nani atakayemwondoa?

Jibu la Oman laweza kutufaa zaidi kulitazama, kwa kuwa mawimbi yake yalifika mpaka bandari zetu. Madhehebu ya Ibadhi yalianzia Basra, katika darasa za Jabir bin Zeid, mwanachuoni mwenye asili ya Oman. Wafuasi wake waliona ukhalifa umegeuka urithi wa baba kwa mwana chini ya Bani Umayya, nao wakashikilia kwamba kiongozi wa Waislamu ni mtu yeyote mcha Mungu, mjuzi na mwadilifu, atakayechaguliwa na wenye elimu na kupewa baia na watu. Si lazima awe Mkureshi. Si lazima awe mtoto wa imamu aliyepita. Na baia ni mkataba: yeye ameahidi kufuata Kitabu na Sunna, wao wameahidi utii; akivunja na akakataa kutubu, utii umekwisha.

Imamu wa kwanza wa Oman, Julanda bin Masud, alisimamishwa mwaka 132 wa Hijra, sawa na 750, na hakudumu. Aliuawa akipigana na jeshi la Bani Abbas. Uimamu ukarudi mwaka 793, na makao yake yakawa Nizwa, mji wa bara chini ya majabali, mbali na bahari na anasa za bandarini. Kwa karibu miaka mia moja nchi ilitulia. Katika asili ya mambo imamu hakutegemea jeshi la kudumu, maana waliogopa kwamba mwenye askari wa mshahara hatamsikiliza tena mwanachuoni. Vita vikitokea, aliyaita makabila. Mali ya hazina ilikuwa amana, naye hakuruhusiwa kuichanganya na yake.

Jambo moja la busara katika elimu yao ni kwamba hawakudai kuwa dola ya dini yaweza kuwako kila wakati. Walizitaja hali nne za umma. Kuna hali ya kudhihiri, imamu akitawala waziwazi. Kuna ya kujihami, anapochaguliwa kiongozi kwa ajili ya vita tu. Kuna ya kujitoa mhanga, wachache wanapoinuka dhidi ya dhalimu. Na kuna hali ya kitmani, ya kujisitiri, ambapo watu hushika dini yao kimya kimya chini ya mtawala wasiyempenda, wala hawana dhambi kwa hilo. Dini haikufa kwa sababu serikali imeanguka. Katika kusoma habari za tawala za kidini za mataifa mbalimbali sikukuta nyingi zilizojipangia mapema hivi namna ya kuishi bila ya kutawala.

Lakini mkataba ni mwepesi kuuandika kuliko kuutekeleza. Imamu Salt bin Malik alitawala tangu 851, akazeeka kitini, akadhoofika. Mwaka 886 kundi lililoongozwa na mwanachuoni Musa bin Musa lilikwenda Nizwa, mzee akaondoka katika nyumba ya uimamu, na Rashid bin Nadhar akawekwa mahali pake. Je, Salt alijiuzulu, au aliondolewa? Na kama aliondolewa, uzee ni kosa? Huenda msomaji akaona haya ni maswali ya mawakili. Oman walipigana kwa ajili yake. Makabila yaligawanyika, damu ikamwagika, na mwaka 893 jeshi la Bani Abbas likaingia kwa mwaliko wa upande mmoja na kuiharibu nchi, hata mifereji ya maji iitwayo falaji, ambayo ndiyo roho ya mitende. Wanavyuoni nao wakagawanyika, hawa wa Nizwa na hawa wa Rustaq, wakihojiana kwa karne nyingi kama waliomtoa mzee yule wanastahili kukanwa au kunyamaziwa.

Karne zilizofuata zilikuwa zaidi za wafalme wa Nabhani kuliko za maimamu, nami nitazipita. Mwaka 1624 wanavyuoni walikutana Rustaq wakamchagua Nasir bin Murshid, wa ukoo wa Yaarubi, nchi ikiwa vipande vipande na Wareno wakishikilia Maskati na bandari nyingine. Aliwaunganisha watu wa bara kwa miaka ishirini na mitano. Binamu yake Sultan bin Seif, aliyechaguliwa baada yake, akaitwaa Maskati mwaka 1650. Kisha merikebu za Waoman zikaanza kuonekana huku kwetu, mpaka siku ile ya 1698.

Hapo ndipo penye kitendawili. Ushindi ule ulioletwa na uimamu ndio ulioutia sumu. Bahari ilileta mali: mashamba, merikebu, biashara ya tende na, tusifiche, biashara ya watumwa. Seif bin Sultan huyo aliyetoa Wareno Mombasa aliitwa Kaidi al-Ardhi, mfunga ardhi, kwa wingi wa mitende aliyopanda na mifereji aliyotengeneza. Alikuwa imamu, na pia alikuwa tajiri mkubwa. Tena alikuwa mtoto wa imamu, na ndugu wa imamu aliyepigana naye. Baada yake akaja mwanawe. Baia bado ilitolewa kila mara, lakini watu walikwisha kuzoea kutazama nyumba moja tu.

Mwanawe huyo, Sultan bin Seif wa pili, alipofariki mwaka 1718 aliacha kijana jina lake Seif, ambaye hajabaleghe. Makabila yakamtaka mtoto. Wanavyuoni wakasema haiwezekani: mtoto hasalishi watu wazima, hashiki mali yake mwenyewe, atashikaje mali ya Waislamu? Wao walimtaka Muhanna bin Sultan, mtu mzima wa ukoo huo huo. Umati ulikuwa umekusanyika na silaha mikononi. Husimuliwa kwamba kadhi Adi bin Suleiman alisimama akawaambia watu kwamba Seif ni "amamukum", yaani yuko mbele yenu; wao wakasikia "imamukum", imamu wenu, wakapiga mizinga kwa furaha na kutawanyika. Kisha Muhanna akaingizwa kwa siri katika ngome ya Rustaq, akapewa baia.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kwa hakika irabu moja iliepusha mauaji ya siku ile. Mimi nakiona ndicho kisa cha huzuni kuliko vyote katika tarehe hii. Wanavyuoni walikuwa na haki, na sharia ilikuwa upande wao wazi kabisa, lakini hawakuthubutu kuisema mbele ya watu ambao, kwa mujibu wa itikadi yao wenyewe, ndio watoaji wa baia. Imamu aliyeingia kwa mlango wa nyuma hakuwa na nguvu ya kukaa. Muhanna aliuawa mwaka 1720, nchi ikagawanyika baina ya Wahinawi na Waghafiri, majina ambayo wazee wa Unguja na Mombasa waliyajua vizuri, na viongozi wa pande zote mbili wakafa katika vita vimoja huko Sohar mwaka 1728. Mwaka huo huo Wareno wakarudi Mombasa. Waliotolewa safari hii, mwaka 1729, walitolewa na watu wa Mombasa wenyewe. Yule Seif alipokua akawa imamu, akafukuzwa, naye akawaita Waajemi wamsaidie kurudi.

Aliyewatoa Waajemi ni liwali wa Sohar, Ahmed bin Said wa Busaidi, naye akachaguliwa imamu katika miaka ya 1740. Habari ilipofika Mombasa, liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui alikataa kumtambua. Hoja yake, kama ilivyohifadhiwa katika tarehe ya Wamazrui aliyoiandika Sheikh al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilikuwa fupi: Ahmed alikuwa liwali kama yeye; huyo ameshika Oman, naye ameshika Mombasa. Aliuawa kwa hila ndani ya ngome, lakini nduguye Ali aliirudisha, na Wamazrui wakatawala mpaka 1837. Wengi huutaja ugomvi huo kama tamaa ya koo mbili. Tamaa ilikuwako, lakini kamba iliyoifunga Mombasa na Oman ilikuwa ni baia kwa imamu, na kamba hiyo ilikuwa imekatika.

Baada ya Ahmed, mwanawe Said alichaguliwa imamu mwaka 1783, na hapo ukoo huo ukaacha kuhangaika na cheo hicho. Walioshika Maskati walijiita Sayyid. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja, hakupata kuchaguliwa imamu hata siku moja, ingawa Wazungu walimwandikia barua wakimwita Imamu wa Maskati. Mara moja tu Mbusaidi mwingine alirudi katika mlango huo: Azzan bin Qais, aliyesimamishwa na wanavyuoni mwaka 1868. Waingereza hawakumtambua. Zile riale 40,000 ambazo Unguja ilitakiwa kuipa Maskati kila mwaka kwa hukumu ya 1861 hakuzipata. Aliuawa vitani mwaka 1871, na Sultan Turki bin Said akashika nchi.

Hata hivyo wazo halikufa, na Unguja ilikuwa mojawapo ya mahali lilipotunzwa. Matbaa ya Sayyid Barghash ilichapa vitabu vikubwa vya fikihi ya Ibadhi. Mshairi na kadhi Nasir bin Salim ar-Ruwahi, aliyeanzisha gazeti la An-Najah huko Unguja mwaka 1911, alitunga kuunga mkono uimamu uliofufuliwa Oman mwaka 1913 kwa jitihada za mwanachuoni kipofu, Nuruddin as-Salimi. Imamu Salim bin Rashid aliuawa mwaka 1920, akafuata Muhammad bin Abdullah al-Khalili, na mwaka huo huo wa 1920 mkataba wa Sib ukamwachia sultani pwani na watu wa bara mambo yao. Al-Khalili alikaa Nizwa miaka thelathini na minne, akihukumu kwa sharia, na husemwa kwamba alitumia mali ya urithi wake katika haja za watu.

Alifariki mwaka 1954. Ghalib bin Ali akachaguliwa. Lakini sasa palikuwa na kampuni za mafuta zilizotaka kuchimba bara, na sultani aliyetaka kuwapa kibali. Nizwa ilitwaliwa mwaka 1955; vita vilivyoanza tena 1957 vilikwisha katika Jabal Akhdhar mwezi wa Januari 1959, baada ya ndege za Uingereza kupiga vijiji na mifereji. Kanuni ya Oman ya 1996 iliandika kwamba usultani ni urithi wa wanaume wa kizazi cha Sayyid Turki bin Said. Ghalib alikimbilia Saudi Arabia, akaishi huko nusu karne, akafia Dammam mwaka 2009. Baada yake hakuchaguliwa mwingine.