Daraja la Jinja: Mto Uliotenga Sasa Waunganisha

Wahenga walinena kwamba usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Wakaao kandokando ya Mto Naili pale Jinja waliifahamu methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa, kwani kwa karne nyingi hawakuwa na njia ya kuvukia ila mtumbwi. Upande wa magharibi ni Buganda, na upande wa mashariki ni Busoga. Lugha za pande hizo mbili ni jamaa, chakula chao ni ndizi, na biashara baina yao ni ya tangu kale; lakini kati yao ulipita mto wenye nguvu, utokao Ziwa Viktoria kwa kishindo, nao haukujali udugu wa mtu yeyote.

Leo tumeona yafaa tuwasimulie ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi jinsi mto huo ulivyoshindwa, si mara moja bali mara tatu, na jinsi kila ushindi ulivyoleta wajibu wake.

Ushindi wa kwanza ulipatikana mwaka 1931. Kabla ya hapo, mizigo iliyotoka Mombasa kwa reli ilipakiwa katika meli huko Kisumu, ikavushwa ziwani hadi Uganda. Daraja la chuma lilipojengwa Jinja, garimoshi liliweza kwa mara ya kwanza kuvuka Naili na kuingia Kampala. Pamba na kahawa zilishuka pwani kwa njia hiyo, na bidhaa za ng'ambo zikapanda bara.

Ushindi wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Baina ya mwaka 1949 na 1954 lilijengwa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Ni ukuta wa zege wenye urefu wa meta 831 na kimo cha meta 31, nao ulifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza tarehe 29 Aprili 1954. Maporomoko ya Ripon, ambayo Speke aliyaona mwaka 1862, yalizama chini ya maji yasionekane tena. Shabaha ya kwanza ya bwawa ilikuwa kuzalisha umeme, lakini juu ya mgongo wake ilipitishwa barabara. Hivyo ukuta mmoja ulipewa kazi mbili: kuzuia maji na kuvusha watu. Jinja ukawa mji wa viwanda, na mtu aliweza kulala Njeru, upande wa Buganda, na asubuhi akafika kazini Busoga.

Lakini kitu chenye manufaa makubwa huwa pia na hatari kubwa, na jambo hilo askari hulijua kuliko raia. Wakati wa vita vya mwaka 1979, baada ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili, macho yote yalielekezwa Jinja. Palikuwa na hofu kwamba askari wa Idi Amin waliokuwa wakirudi nyuma wangelilipua bwawa. Lingalivunjwa, nchi ingalikosa umeme na njia ya mashariki kwa siku moja. Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Jinja tarehe 22 Aprili, na bwawa likasalimika. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba daraja si mali ya upande mmoja wa vita. Ni mali ya wale watakaoishi baada ya vita kwisha.

Miaka ilipita, na mzigo ukaongezeka. Barabara ya juu ya bwawa iliyopangwa kwa magari ya miaka ya 1950 ikawa njia kuu ya malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, na kutoka hapo Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini. Ukuta wa kuzuia maji haukukusudiwa kutikiswa mchana na usiku kwa namna hiyo.

Ndipo ukaja ushindi wa tatu. Serikali ya Uganda ilipata mkopo wa masharti nafuu kutoka Japani mwaka 2010, ujenzi ukaanza mwaka 2014, na daraja jipya likafunguliwa na Rais Museveni tarehe 17 Oktoba 2018. Urefu wake ni meta 525, na upana wake karibu meta 23, lenye njia mbili za magari kila upande na mapito ya waendao kwa miguu. Nguzo mbili ndefu zimesimama kama herufi Y iliyopinduliwa, nazo zimeshikilia sakafu ya daraja kwa nyaya nene za chuma. Uzito wa gari hupanda kwa nyaya hadi kileleni mwa nguzo, kisha hushuka kwa nguzo hadi ardhini. Kwa sababu hiyo sehemu ya katikati, yenye meta 290, yavuka maji bila kuhitaji msururu wa nguzo mtoni.

Mwaka 2024 tulipata somo la jinsi nchi inavyoumia daraja linapougua. Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963 na kuunganisha kaskazini na nchi nzima, lilifungwa ili litengenezwe. Malori yalilazimika kuzunguka mbali, na safari ikawa ndefu na ya gharama.

Basi wajibu wenu ni upi? Wengi hudhani kwamba adui wa daraja ni baruti peke yake. Kumbe kuna adui mwingine apitaye mchana kweupe, naye ni lori lililopakiwa kupita kiasi. Wahandisi hukadiria kwamba ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, madhara kwa barabara huweza kufika mara 16. Askari apokeaye mlungula penye mizani na kuliacha lori hilo lipite, amefanya polepole kazi ile ile ambayo wenzake wa mwaka 1979 walihatarisha maisha yao kuizuia.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu mlio lindoni kando ya Naili, katika mvua na katika jua, msione kazi hiyo kuwa ndogo. Mama apelekaye mihogo sokoni, mgonjwa akimbizwaye hospitali, na dereva atokaye Mombasa, wote wavuka kwa amani kwa kuwa mko macho. Wahandisi wamekwisha kuondoka. Daraja limebaki mikononi mwenu.