Kutoa Hewa na Kubadili Mafuta ya Breki katika Pikipiki ya Magurudumu Manne: Kazi Mbili kwa Skrubu Moja

1.0 Utangulizi

Mkono wa breki wa pikipiki ya magurudumu manne unapobonyea hadi kukaribia mshikio wa usukani, mafundi wengi hufikia uamuzi mmoja: kuna upepo ndani. Huongeza mafuta kwenye kikopo, hufungua skrubu ya kutolea hewa, hupampu mpaka mkono uwe mgumu, kisha chombo hurudishwa kwa mwenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba ugumu huo unathibitisha jambo moja tu, yaani hewa imetoka. Hauthibitishi kwamba mafuta yaliyobaki ndani yanaweza kuhimili joto la mteremko mrefu. Kutoa hewa na kubadili mafuta ni kazi mbili tofauti, ingawa hupitia skrubu moja, na kuzichanganya ndiko kunakomfanya mwendeshaji aamini breki ambayo itamwangusha.

Mjadala huu unahusu breki za kihaidroliki pekee. Tahadhari hiyo ni ya lazima kwa sababu pikipiki hizi hazifanani. Honda TRX250 Recon, kwa mfano, ina dramu za kihaidroliki mbele, ilhali dramu ya nyuma huvutwa kwa waya na haina mafuta ya kubadilishwa. Yamaha Raptor 700 ina diski mbele na nyuma, na kila upande una silinda kuu yake.

2.0 Neno "mafuta" na kimiminika chenyewe

Kiswahili cha gereji kimekiita kimiminika hiki mafuta ya breki, nasi hatuna sababu ya kuliacha jina lililozoeleka. Hata hivyo, jina hilo lina mtego. Kikemia, kimiminika cha breki cha aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hakitokani na mafuta ya petroli. Msingi wake ni misombo ya glaikoli, na kwa DOT 4 na DOT 5.1 huongezwa misombo ya borati. Anayelichukulia neno mafuta kwa maana yake ya kawaida huona si kosa kujazia mafuta ya injini pale yanapopungua. Sili za mpira zilizomo ndani ya mfumo zimeundwa kwa ajili ya glaikoli. Zikikutana na mafuta ya injini huvimba na kulainika, na mara nyingi tiba inayobaki ni kufumua mfumo mzima na kubadili kila kilicho cha mpira.

DOT 5 nayo ni ya silikoni, na haichanganywi na hizo nyingine licha ya kufanana kwa jina. Herufi DOT zinatokana na Idara ya Usafirishaji ya Marekani, ambayo kanuni yake namba 116 ndiyo inayoweka viwango hivi. Aina ya kutumia huwa imeandikwa juu ya kifuniko cha kikopo, na maandishi hayo yanapaswa kutangulia ushauri wa muuza duka.

3.0 Hewa, maji na mvuke

Breki ya kihaidroliki hufanya kazi kwa sababu kimiminika hakishindiliki kwa urahisi. Shinikizo linalotiwa upande mmoja husambaa kwote, kama alivyobainisha Blaise Pascal katika karne ya 17. Hewa hushindilika. Tuchukue silinda kuu yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 12 inayosafiri milimita 10. Ujazo unaosukumwa kwa mkupuo mmoja ni takribani mililita 1.1. Kiputo cha nusu mililita kikibanwa kwa shinikizo la baa 30 hupungua hadi karibu kutoweka, na kwa kufanya hivyo kinakula zaidi ya asilimia 40 ya safari ya pistoni. Ndiyo maana katika pikipiki, ambayo silinda yake ni ndogo kuliko ya gari, kiputo kidogo huleta tofauti kubwa mkononi.

Tatizo la maji ni la namna nyingine. Glaikoli hufyonza unyevu, hata kupitia kuta za mipira ya breki, na katika miji ya pwani kama Zanzibar na Mombasa hewa hairuhusu chupa iliyofunguliwa kukaa rafuni kwa miezi. Maji yaliyofyonzwa hayaleti ulegevu wowote wakati breki ni baridi, kwa kuwa nayo ni kimiminika. Athari yake hujitokeza kwenye kiwango cha mchemko. Kwa DOT 4, kanuni inataka mafuta mapya yachemke kwa nyuzi za Selsiasi zisizopungua 230; yakiwa na maji takribani asilimia 3.7 ya ujazo, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. Kwa DOT 3 viwango hivyo ni 205 na 140.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi ya ufundi hulipita haraka. Mwendeshaji anapokuwa ameshikilia breki, shinikizo ndani ya mfumo huwa juu, na shinikizo hupandisha kiwango cha mchemko. Mafuta yaliyopata joto kali karibu na pedi yanaweza yasichemke muda huo. Anapoachia mkono, shinikizo hushuka ghafla hadi kiwango cha hewa ya nje, joto bado lipo, na mvuke hujitokeza. Breki iliyomshika vizuri kwenye kona iliyopita humkosa kwenye kona inayofuata. Baadaye chombo kikipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika na mkono huwa mgumu tena, kiasi kwamba fundi anayeletewa pikipiki hiyo asubuhi haoni kasoro yoyote. Dereva huambiwa alikosea yeye.

4.0 Utaratibu wa kazi

Usafi hutangulia, kwa sababu pikipiki hizi huishi kwenye tope. Kikopo na maeneo ya skrubu huoshwa na kukaushwa, na usukani hugeuzwa mpaka kikopo kikae sawia. Kitambaa chenye maji huwekwa juu ya tangi, kwani mafuta ya breki hubabua rangi; yakidondoka huoshwa papo hapo kwa maji mengi.

Anayebadili mafuta huanzia juu. Mafuta ya zamani hunyonywa kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano, mashapo hufutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha mafuta mapya kutoka chupa isiyowahi kufunguliwa hujazwa. Anayeruka hatua hii hupitisha uchafu wote kwenye silinda kuu, ambamo kuna tundu dogo la kurejeshea mafuta. Likiziba, breki hukataa kuachia. Mkono haubonyezwi wakati kikopo ni kitupu.

Kwenye gurudumu, spana huvikwa kwanza, kisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani huchomekwa kwenye skrubu, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Mkono hubonyezwa polepole na kushikiliwa, skrubu hulegezwa robo mzunguko, mafuta hutoka, skrubu hufungwa, na ndipo mkono huachiwa. Mpangilio huo haubadilishwi: mkono ukiachiwa skrubu ikiwa wazi, hewa hunyonywa ndani. Kwa silinda kuu iliyotumika miaka mingi ni busara kuweka kipande cha ubao chini ya mkono ili usifike mwisho kabisa, kwa sababu sili ikisukumwa hadi eneo lenye kutu ambalo haijazoea kupita inaweza kuchanika. Gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu kwa kawaida hutangulia, isipokuwa kitabu cha chombo kikielekeza vingine.

Aliyekusudia kutoa hewa tu anaweza kuishia viputo vinapokoma. Anayebadili mafuta bado hajamaliza. Njia ya kuingilia mafuta na skrubu ya kutokea mara nyingi zimekaribiana ndani ya kalipa, hivyo mafuta mapya hupita upande wa juu huku yale yaliyoko nyuma ya pistoni yakibaki, na hayo ndiyo yaliyo jirani na joto. Dawa yake ni kurudisha pistoni ndani taratibu skrubu ikiwa wazi na mpira ukiwa umezama, ili mafuta hayo yatoke nje badala ya kupanda kikopo, kisha skrubu hufungwa, pistoni hurejeshwa mahali pake kwa kupampu, na mtiririko huendelezwa mpaka yatokayo yafanane na yale ya chupani.

5.0 Hewa inayokataa kutoka

Kuna nyakati mkono hubaki laini baada ya chupa nzima kutumika. Jambo la kwanza kuchunguza ni kama kalipa za kulia na kushoto zimebadilishana nafasi wakati wa matengenezo, kwani skrubu ikiwa chini badala ya juu, hewa haina njia. La pili ni kiungo cha mpira kwenye silinda kuu, ambacho katika pikipiki huwa sehemu ya juu kuliko zote na hukusanya viputo. Kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu kwa bomba la sindano husaidia hapo, kwa kuwa hewa hupelekwa inakotaka kwenda yenyewe. Anayetumia pampu ya kunyonya naye asidanganywe na viputo visivyoisha: mara nyingi ni hewa ya nje inayopenya kwenye nyuzi za skrubu iliyolegezwa.

Kwa breki za dramu, viatu vya breki hurekebishwa kabla ya yote, maana nafasi kubwa kati ya kiatu na dramu huleta ulegevu unaofanana kabisa na wa hewa.

Kazi ikiisha, mkono hubanwa kwa nguvu kwa nusu dakika. Ukizama polepole, kuna uvujaji nje au ndani ya silinda kuu. Gurudumu huinuliwa na kuzungushwa ili kuhakikisha linaachia, na jaribio la kwanza hufanyika kwa mwendo wa kutembea, mahali tambarare. Vitabu vingi vya watengenezaji hutaka mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Tarehe ya kazi huandikwa kwenye kibandiko karibu na kikopo, pamoja na neno linaloonyesha kilichofanyika: kubadili, au kutoa hewa tu.