Kwa Nini Ng'ombe Huanguka Lamboni

Katika vichaka vya pwani, kama vile vinavyoizunguka Zegereni upande wa Kibaha na kuendelea hadi Kisarawe, mfugaji aweza kupatwa na msiba usiotanguliwa na dalili yoyote. Kundi limeshinda malishoni tangu asubuhi, na wanyama wote wanaonekana wazima. Jioni linaswagwa kwenda lamboni. Ng'ombe mmoja, mara nyingi aliye mnono kuliko wenzake, anakunywa maji, anainua kichwa, anapiga hatua chache, anatetemeka na kuanguka. Anapumua kwa shida, miguu ikipigapiga, na kabla mchungaji hajamaliza kuita msaada amekwisha kufa. Huenda akafuata wa pili, hata wa tatu.

Si ajabu, basi, kwamba jambo la kwanza kutuhumiwa ni maji, na la pili ni jirani. Mahali ambapo wakulima na wafugaji wamekwisha kugombana juu ya mashamba na malisho, kifo cha namna hii chaweza kuwasha moto. Ndiyo maana inafaa kujua kwamba ng'ombe wa aina hiyo huenda alibeba kifo chake tumboni kwa saa nyingi kabla hajafika majini, na kwamba aliyemtilia sumu ni kichaka.

Katika vichaka na misitu ya pwani ya Tanzania huota aina kadhaa za mimea ambayo wanabotania huiita Dichapetalum. Baadhi ni vichaka, na baadhi hutambaa juu ya miti mingine. Kwa macho ya mpita njia haina jambo la kuvutia: majani yake ni ya kawaida na maua yake ni madogo. Hatari yake huongezeka mwishoni mwa kiangazi. Wakati huo nyasi zimekauka, lakini mimea ya miti yenye mizizi mirefu huweza kuchipua hata kabla ya mvua za vuli, hasa pale moto ulipopita. Ng'ombe mwenye njaa huona ubichi na kuufuata. Majani machanga hayo ndiyo kwa kawaida yenye sumu nyingi kuliko yaliyokomaa.

Sumu yenyewe iligunduliwa mbali na pwani hii. Wafugaji wa Afrika Kusini walikuwa wakipoteza ng'ombe kwa sababu ya ndugu wa mimea hiyo, Dichapetalum cymosum, ambaye sehemu yake kubwa imo chini ya ardhi na juu huonekana vitawi vifupi tu vyenye majani. Mwaka 1944 mkemia J.S.C. Marais, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Onderstepoort, alitoa taarifa kwamba kiini cha sumu hiyo ni floroasetati. Habari hiyo iliwashangaza wanakemia, kwa kuwa ni nadra sana kiumbe hai kuunganisha florini na kaboni. Katika Afrika Magharibi, hata hivyo, matumizi yalikuwa yametangulia maarifa ya kemia: mbegu za Dichapetalum toxicarium zilikuwa zikitumika huko Sierra Leone kuulia panya. Baadaye viwanda navyo vilitengeneza floroasetati ya sodiamu kwa kazi hiyo hiyo, wakaiita 1080.

Mimea ya Tanzania nayo imepimwa. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1993 ilionyesha kwamba mbegu za Dichapetalum braunii zina takribani miligramu 8 za floroasetati katika kila gramu moja, kiasi kikubwa mno kwa mmea. Msomaji aweza kupiga hesabu mwenyewe. Kiasi kinachoweza kumwua ng'ombe hukadiriwa kuwa baina ya miligramu 0.15 na 0.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Tukichukua 0.4, ng'ombe wa kilo 300 atauawa na miligramu 120, yaani sumu iliyomo katika gramu 15 tu za mbegu hizo. Hizo hazijazi hata kiganja cha mkono. Mwaka 1999 jarida moja la kimataifa la afya ya mifugo ya nchi za joto lilichapisha taarifa ya vifo vya ng'ombe nchini Tanzania vilivyoshukiwa kusababishwa na mimea ya jamii hiyo.

Sasa ni vema kutazama jinsi sumu hii inavyofanya kazi, maana humo ndimo lilimo jibu la swali la lamboni. Asetati ni kitu cha kawaida mwilini, na kwa ng'ombe ni chakula chake hasa, kwa kuwa vijidudu vya tumboni mwake huivunja selulosi ya nyasi na kutoa asidi ya asetiki kwa wingi. Floroasetati ni asetati ambayo atomi yake moja ya hidrojeni imeondolewa na mahali pake kukaliwa na atomi ya florini. Atomi hiyo ni ndogo, na seli haigundui tofauti. Huipokea molekuli hiyo ngeni, huifunga kwenye koenzimu A kama ifanyavyo kwa asetati ya kweli, na kuiingiza katika mzunguko wa Krebs. Humo huungana na oksaloasetati na kuwa florositrati.

Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Floroasetati yenyewe haina madhara makubwa katika seli. Sumu ya kweli ni florositrati, nayo imetengenezwa na mwili wenyewe. Hukishika kimeng'enya kiitwacho akonitasi, ambacho kazi yake ni kuibadili sitrati ili mzunguko uendelee, na kukizuia kisifanye kazi. Sitrati hurundikana, mzunguko husimama, na seli hukosa nishati ingawa chakula na oksijeni vimo tele. Mwanabiokemia Rudolph Peters wa Oxford, aliyefumbua jambo hili, alilipa mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina ambalo kwa Kiswahili laweza kusemwa «usanisi wa mauti». Walimu wa biolojia ambao wanafunzi wao huulizia faida ya kukariri mzunguko wa Krebs wanao mfano mzuri hapa.

Kazi hiyo yote huchukua muda, na kwa hiyo ng'ombe huonekana mzima kwa saa kadhaa. Kisha kiungo kisichopumzika huanza kulegea. Kwa wanyama wanaokula majani, kiungo hicho ni moyo hasa. Mnyama aliyetulia kivulini aweza kuendelea kuishi kwa kile kidogo moyo wake unachokipata. Akiswagwa au kukimbizwa, misuli hudai damu zaidi, moyo hutakiwa kutoa nguvu usizo nazo, naye huanguka. Kunywa maji mengi nako kumejulikana kwa muda mrefu kuwa huharakisha kifo, na katika jambo hili uzoefu wa wachungaji umetangulia maelezo ya maabara. Jioni, wakati wa safari ya lamboni, mambo yote mawili hukutana.

Mbwa ni dhaifu zaidi kuliko ng'ombe mbele ya sumu hii, nao hupatwa na kifafa kabla ya kufa. Mbwa aliyekula matumbo ya mzoga wa namna hiyo aweza kufa naye pia.

Huenda mtu akauliza mbona wazee wa pwani hawana visa vingi vya namna hii. Sababu mojawapo ni kwamba ng'ombe wenyewe walikuwa wachache, kwa kuwa mbung'o na nagana viliwazuia. Hali imebadilika. Kuanzia mwaka 2006, wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu na Ihefu, makundi makubwa yaliteremka kuelekea Pwani na Lindi. Mnyama aliyezaliwa mbugani hakujifunza kwa mama yake kichaka kipi cha kuepuka, na mchungaji wake naye hayajui majani ya huku. Elimu hiyo wanayo wenyeji, ambao pengine hawajaulizwa.

Hata hivyo, si kila ng'ombe afaye ghafula ameuawa na mmea. Radi huua, chambavu huua, na kimeta huua upesi vilevile. Kimeta ndicho kinachotakiwa kuogopwa kwanza, kwa sababu humwua na binadamu. Mzoga unaotokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au sehemu ya nyuma usipasuliwe kamwe, na nyama ya mnyama yeyote aliyekufa kifo kisichojulikana isiliwe, hata kama hasara inauma. Aitwe daktari wa mifugo, naye aamue ni sampuli gani zichukuliwe kwa ajili ya Maabara ya Veterinari iliyoko Temeke.

Kwa wale waliobaki hai, dawa ya kutegemewa haijapatikana. Majaribio ya kuwapa wanyama vitu vinavyozalisha asetati kwa wingi, ili asetati ya kweli iishinde ile ya bandia, yamesaidia pale tu vilipotolewa mapema mno. Kilicho mikononi mwa mchungaji ni utulivu: kuliondoa kundi kwenye kichaka hicho taratibu, pasipo fimbo wala makelele, kuliweka kivulini, na kuchelewesha maji kwa siku moja au zaidi kwa ushauri wa daktari. Ni amri ngumu kwa mtu aliyezoea kuwanywesha ng'ombe wanaougua.

Huko Australia, ambako pia mimea kadhaa hutengeneza sumu hii, wanasayansi walitoa taarifa mwaka 1998 kwamba bakteria wa tumboni waliopandikizwa jeni ya kukivunja kiungo cha kaboni na florini waliwakinga kondoo. Kinga hiyo haijawafikia wafugaji.

Kazi iliyo karibu zaidi ni kuitambua mimea yenyewe. Shule iliyo jirani na vichaka hivyo yaweza kushiriki: tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwapo, likatwe kwa glavu, lilazwe baina ya kurasa za gazeti kuukuu chini ya vitabu vizito, na gazeti libadilishwe kila siku mpaka tawi likauke. Pembeni iandikwe tarehe, mahali, jina la kienyeji kama lilivyotajwa na mwenyeji, na kama mifugo imeonekana ikilila. Kisha lipelekwe kwa wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganisha nayo.