Sekunde Sita: Usahili katika Zana za Kuhariri Video

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi zana sahili ya kuhariri video inavyosanifiwa, kwa kurejelea Vine, programu ya simu iliyozinduliwa na Twitter mnamo Januari 2013 na kusitishwa Januari 2017.

Programu za kompyuta zilizoitangulia zilimkabidhi mhariri mstari wa wakati, safu za picha na sauti, na vitufe tele. Wasanifu wa Vine waliviweka kando. Mtumiaji alipobonyeza kioo cha simu, kamera ilirekodi. Alipoinua kidole, ilisita. Alipobonyeza tena, kipande kipya kiliungana na cha awali. Yaani, kurekodi kwenyewe ndiko kulikokuwa kuhariri. Zilipotimia sekunde sita, kazi ilikoma, nayo video ikawa inajirudia.

Msomaji wa ushairi hatashangazwa na kikomo hicho, kwani mizani nayo humbana malenga. Hata hivyo, malenga hufuta neno akaliweka jingine. Mtumiaji wa Vine, hapo mwanzoni, hakuweza kufuta kipande kibovu wala kubadilisha mpangilio. Kosa la sekunde ya tano lilimrudisha kwenye ya kwanza. Kwa maoni yangu, hili ni suala zito kuliko idadi ya vitufe: msanifu aliyemwondolea mwanagenzi utata alimnyima pia nafasi ya kusahihisha. Uwezo wa kufuta na kupanga upya uliongezwa Oktoba 2013, na ule wa kuingiza video zilizorekodiwa kwingineko ukafuata Agosti 2014. Vitufe vikaanza kurejea.