Mgeni Anayefundisha, Nani Amfundishe?

Mwalimu kijana akitoka Leeds au Ohio kuja kusomesha Kiingereza Mombasa, sisi wenyeji hudhani kitakachomtaabisha ni joto la Februari, mbu na saa zetu. Hayo ni mambo ya wiki chache. Akiambiwa mkutano ni saa mbili atafika saa nane mchana, atachekwa, na hatakosea tena. Maji ya mtungi ya mwenye mkokoteni atayazoea, maana hata majirani zake ndivyo wanavyoishi mifereji ikikauka. Na biriani haijapata kumshinda mtu. Linalomwelemea hasa ni jingine, nalo sisi tuna mkono ndani yake bila kukusudia.

Wataalamu huiita hali hiyo mshtuko wa utamaduni. Aliyelieneza jina hilo ni Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada mwenye asili ya Finland, aliyewahi kufanya utafiti katika ufalme wa Ankole, Uganda, miaka ya 1930, kisha akafanya kazi Amerika ya Kusini. Mwaka 1954 aliuzungumzia mshtuko huo mbele ya chama cha wanawake mjini Rio de Janeiro, na hotuba yake ikachapishwa mwaka 1960. Alimweleza mtu anayenawa mikono kupita kiasi, anayeshuku maji na chakula, anayeona kila muuzaji anataka kumpunja, na ambaye mwishowe haachani na watu wa kwao. Chanzo, kwa maoni yake, ni kupotea kwa alama ndogo ndogo zinazotuongoza kutwa pasi na sisi kuzifikiria: lini umpe mtu mkono, mwaliko upi ni wa kweli na upi ni wa heshima tu, lipi ni mzaha na lipi si mzaha.

Baadaye wazo hilo lilichorewa mchoro, na mchoro ukawa maarufu kuliko wazo lenyewe. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard aliandika kuhusu raia 200 hivi wa Norway waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Aliona kwamba waliokaa chini ya miezi sita walikuwa na nafuu, na waliopitisha miezi 18 vilevile. Waliokuwa katikati ndio walioteseka. Tangu hapo wageni hupewa mchoro wa bonde: utashuka, utapanda, vumilia. Mimi siupendi mchoro huo. Lysgaard alilinganisha watu tofauti. Hakumfuata mtu mmoja tangu anashuka chomboni hadi anazoea. Colleen Ward na wenzake walipowafuata wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, waliwakuta na dhiki kubwa zaidi mwanzoni kabisa. Ile fungate, yaani nafuu ya siku za mwanzo, haikuonekana. Basi mwalimu mgeni anayelia usiku wiki ya kwanza hana kasoro, na mkuu wa shule asisubiri mwezi wa sita ndipo amuulize hali.

Ward pia anatenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya: kujisikia vizuri, na kumudu mambo. La kwanza hutegemea sana tabia ya mtu na watu alio nao karibu. La pili ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Hapa ndipo mwalimu anapopata shida ya pekee. Mhandisi au daktari mgeni akitoka kazini anaweza kukiri hajui kununua samaki. Mwalimu analipwa kwa kujua. Asubuhi anawasahihisha watoto 40, jioni hajui hata namna ya kumuaga jirani bila kumvunjia heshima, na aibu ya kuuliza inamfunga mdomo.

Nasi tunaongeza kufuli. Mtazame anavyopita barabara ya Ndia Kuu saa kumi na moja jioni, wazee wamekaa barazani na vikombe vyao vya kahawa tungu. Anasema "Jambo", salamu aliyoisoma kwenye kitabu cha watalii. Wazee wanamwitikia "Jambo, karibu sana", wanatabasamu, basi. Hakuna anayemwambia kwamba hapa watu hutoleana salamu aleikum, kisha huulizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto, ndipo mtu akaingia kwenye shida yake. Akifika dukani akajaribu kuomba unga kwa Kiswahili, mwenye duka anamjibu kwa Kiingereza ili asimsumbue. Ni ukarimu mtupu. Lakini mtu asiyekosolewa hukaa mgeni hata akipitisha miaka mitatu mtaani, na wengi wao hatimaye huvuka daraja la Nyali kwenda kukaa na wenzao.

Darasani mambo yanageuka. Mafunzo aliyopewa kwao yalimwonya asimsahihishe mtoto mbele ya wenzake, asije akamvunja moyo. Anawakuta watoto wa Mji wa Kale ambao tangu wadogo wako madrasa, ambako maalim huwasimamisha herufi kwa herufi mpaka kila moja itoke mahali pake. Mtoto huyu amezoea kurudiwa, na akikosea Kiingereza halafu mwalimu akamwambia "vizuri sana", anajua kwamba hakusikilizwa. Tena hana haja ya masomo kadhaa ambayo mgeni ameyabeba kwenye begi. Sauti ya mwanzo ya neno "thelathini" na ile ya "dhahabu", zinazowatoa jasho Wafaransa na Wajapani wanaojifunza Kiingereza, yeye amezaliwa nazo. Kinachomtatiza ni kingine: Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", hivyo mtoto mwenye akili kabisa atamtaja mama yake kwa kiwakilishi cha kiume, na hatajua kosa liko wapi. Mwalimu asiyejua Kiswahili hata kidogo atalifuta kosa hilo kila wiki bila kuuona mzizi wake.

Waliowahi kufaulu hapa walianza upande wa wanafunzi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo homa ikamchukua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga naye akafa. Katika mwaka huo mzito alikaa na kadhi wa mji, Ali bin Muhieddin, wakaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. William Taylor, aliyekuja kwa chama hichohicho mwaka 1880, alikwenda mbali zaidi: alijiweka chini ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemkusanyia na kumfasiria mashairi ya Muyaka bin Haji. Nia yake ya kuwabadili dini Waislamu wa mji haikumfikisha popote. Lakini mashairi yale yalihifadhika, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni.

Mwalimu wa kike, kwa maoni yangu, ana mlango ambao mwenzake wa kiume hana. Akialikwa arusini Mji wa Kale ataingizwa kwa wanawake, atapakwa hina, atavutwa leso aliyoifunga vibaya na kufungwa upya mbele ya kila mtu, ataambiwa amekaa vibaya na amekula kidogo. Usiku mmoja wa hivyo unamfunza mengi kuliko mwezi wa semina. Mwanamume atabaki barazani, na huko itabidi atafutwe mzee mmoja atakayekubali kumkosoa.

Kwa hiyo shule isiliachie bahati jambo hili. Kabla ya kumtafutia mgeni nyumba yenye kiyoyozi imtafutie mwalimu wa Kiswahili, mtu wa mtaani hasa, tena alipwe na shule ili asione haya kumrudi mwanafunzi wake. Walimu wenzake ofisini wakubaliane kwamba chai ya saa nne ni ya Kiswahili, hata akichukua dakika tatu kuomba sukari. Ramadhani ikikaribia aelezwe mapema kwa nini darasa la mchana litakuwa zito, na aalikwe kufuturu. Masomo yake ya Kiswahili yawe jioni, watoto wakiwa madrasa, na apewe kazi ya kufanya nyumbani kama wao.